Baada ya Chungu, Mtoto

Mimi Jerusa sikatai kwamba sinema ni kitu cha ajabu. Ninachokataa ni ujinga wa watu wazima waliokaa juu ya masanduku ya chai, wakatazama shuka nyeupe mchana kweupe, kisha wakatoka nje wakitafuta mtu wa kuua.

Mtu waliyemtafuta alikuwa Beldina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta katika laini, yaani nyumba za wafanyakazi, za shamba moja la chai, Kericho, upande wa kwenda Kiptere. Ilikuwa miaka ile ya thelathini, misitu ikiwa bado inakatwa ili chai ipandwe. Beldina na mumewe Joab walitoka ziwani kama mimi. Joab alikuwa kiwandani, kwenye tanuri la kukaushia majani. Hawakuwa na mtoto. Nasema hilo mapema kwa sababu ndilo watu walilomfungia nalo kitanzi.

Nyumba iliyofuata ya kwao ilikuwa ya Elmina, Mkisii, mke wa Nyamwange aliyekuwa akipogoa michai. Mtoto wao mmoja aliitwa Momanyi, mapengo mbele na tumbo lisilojua neno "nimeshiba". Alikula kwa mama yake, akamaliza, akaja kwa Beldina na kukaa karibu na chungu kama mwenye nyumba. Elmina alikuwa akimtania Beldina, "Huyu mimi nilizaa, lakini tumbo ni yako. Lisha." Na Beldina alimlisha. Alimpenda mtoto yule waziwazi, bila kuona haya, na Elmina hakuwa na wivu.

Ndipo akaja mzungu mwenye kamera. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Sinema. Alitaka kutengeneza picha ya kutufundisha kunawa mikono, kana kwamba maji tuliyajulia kwake. Alikuwa na Phelix, kijana wa kwetu ziwani aliyesoma misheni, ambaye alitafsiri maneno na kuendesha mashine.

Bwana Sinema hakupiga kitu chochote kwa mpangilio. Siku ya kwanza alipiga kaburi. Kaburi gani? Ule ulikuwa udongo wa choo kipya nyuma ya zizi, wakachomeka msalaba wa vijiti juu yake. Siku nyingine alimpiga Momanyi mlangoni kwa mama yake akila mboga na wimbi, halafu akamwambia alale chini ashike tumbo. Mtoto akalala, akashika tumbo, akapewa biskuti. Wiki nyingine kabisa alikuja kwa Beldina, akamkuta anapika managu. Beldina alichota magadi kidogo kwa vidole ili mboga ilainike, kama anavyofanya kila mwanamke wa pande zetu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikamwambia, "Tia polepole! Huyo mzungu akionja hiyo, tumbo litamwendesha mpaka Sotik." Beldina akageuka kunitazama huku ameuma mdomo asicheke mbele ya mgeni. Basi, ni hayo tu. Mashine ikalia krrr, ikanyamaza, mzungu akaenda zake.

Tukasahau. Mvua zikaja, na homa ikaja nazo. Momanyi aliugua siku chache tu. Baba yake alimbeba mgongoni kwenda kwa daktari wa shamba, akarudi amembeba kifuani. Tukamzika. Beldina alilia mpaka sauti ikaisha, akakaa na Elmina chini kwenye mkeka, kichwa cha mmoja begani kwa mwingine. Nataka mkumbuke hilo, kwa sababu watu wa laini walilisahau upesi sana.

Zao la chai lilikuwa limeanza kupungua Bwana Sinema aliporudi na picha yake imekamilika. Watu walikuwa wengi, kwa hiyo ikaamuliwa ionyeshwe mara mbili: Jumamosi kwa wachumaji, Jumatatu kwa watu wa kiwandani na yeyote atakayependa kurudia. Madirisha ya stoo ya chai yakazibwa kwa magunia, shuka ikatundikwa ukutani. Elmina alikuja mapema akakaa mbele kabisa. Phelix alikuwa amemwambia ataona sura ya mwanawe. Alikuwa amejipaka mafuta na kuvaa gauni la kanisani, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni.

Mashine ikawaka. Wengi wetu hatukuwa tumeona picha inayotembea maishani mwetu. Shukani akatokea Beldina, mkubwa kuliko mlango, ameinama juu ya chungu. Vidole vikachota unga mweupe, vikaudondosha ndani. Akageuka, akatazama nyuma, ameuma mdomo. Phelix alikuwa akisoma maneno aliyopewa, ameshika tarumbeta la bati: "Tazameni mama huyu. Anatia mkono chunguni."

Papo hapo, bila hata kupepesa, akatokea Momanyi anakula. "Mtoto anakula," akasema Phelix.

Momanyi amelala, ameshika tumbo. "Mtoto anaumwa."

Udongo na msalaba. "Mtoto amekufa."

Shuka ikawa nyeupe. Halafu Elmina akapiga yowe ambalo mpaka leo sitaki kulikumbuka, akageuka akimtafuta Beldina kwa macho kati ya watu.

"Umetia nini kwa chungu? Beldina! Hiyo kitu nyeupe ni nini?"

"Ni magadi! Mama Momanyi, ni magadi tu!"

"Mbona uliangalia nyuma? Mtu anatia magadi anaangalia nyuma kama mwizi?"

Nikasimama nikapaza sauti kwamba aliniangalia mimi, kwamba nilikuwa nimemtania. Mwanamume mmoja nyuma yangu akanijibu, "Hana mtoto, ana wivu. Na nyinyi wa ziwani mtasemeana tu." Nikamwambia pia kwamba kaburi lile ni mavumbi ya choo, aende akanuse. Hakuna aliyesikia. Walikuwa wameona kwa macho yao, na kwao jicho halidanganyi: mkono, chungu, mtoto, tumbo, kaburi. Kila kimoja kimefuata kingine kama mabehewa ya gari moshi. Hawakujua kwamba kati ya behewa na behewa kuna wiki nzima, na kwamba aliyeyafunga pamoja ni mtu mwenye wembe na gundi.

Kilichoniuma zaidi ni Elmina. Yeye alijua wazi kwamba mwanawe aliambiwa alale. Alikuwepo. Nilimkumbusha hapo nje, nikamshika mikono. Akanitazama kama mtu aliyezinduka usingizini.

"Jerusa, siku ile alilala chini haraka sana," akasema. "Na alikawia kuamka. Mimi nikacheka nikasema huyu mtoto anajua kuigiza. Hakuwa anaigiza. Alikuwa anaumwa kweli, na mimi nilikuwa nacheka."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alitaka kuwe na sababu, na shuka ilikuwa imempa sababu yenye uso na jina.

Jioni ile Nyamwange alisimama mbele ya mlango wa Joab akasema kwa sauti ya chini, bila tusi hata moja, kwamba ametuma ujumbe kwa ndugu zake. Watafika Jumanne. Mwanamke huyo asithubutu kupita njia ya Sotik wala njia nyingine yoyote. Meneja wa shamba alipopelekewa habari alisema hayo ni mambo ya watu weusi, na kama kelele haziishi, Jumanne hiyohiyo Beldina aondoke shambani. Kwa hiyo akikaa, watamfuata nyumbani. Akiondoka, watamkuta njiani, na atakuwa amekiri. Bwana Sinema yeye alifurahi. Phelix alipomweleza kilichotokea, alisema ni vizuri, somo limeingia.

Jumapili, kanisani, benchi la Beldina lilibaki tupu pande zote mbili. Kutoka ibadani Beldina alifanya jambo ambalo hakuna aliyemshauri. Alichukua kibuyu chake cha magadi, akasimama penye bomba la maji, mahali ambapo wanawake wote hupita, akaanza kuyala kwa kiganja. Kavu. "Angalieni!" akasema. "Nakula! Ni ileile! Kama ni sumu, nife!" Alikula mpaka midomo ikachubuka, akatapika miguuni pa watu, akachota tena. Joab akamnyang'anya kibuyu huku analia. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilimwona akitapatapa kwa macho yangu, nikakosa cha kumtupia. Mama mmoja aliyeitwa Nyambeki akafunga mtungi wake akasema, "Sumu inajua mwenyewe." Wakaondoka. Hivyo ndivyo walivyo watu: ukikataa kula wanasema ni sumu, ukila wanasema sumu inakujua.

Jumatatu asubuhi Beldina aligonga kwangu. Macho yalikuwa yamevimba, lakini hakulia.

"Twende kwa Phelix," akasema. "Leo wanaonyesha tena, kesho wanapeleka hiyo kitu Longisa. Ikienda, imeenda na maisha yangu."

Phelix tulimkuta ndani ya hema lake, peke yake. Bwana Sinema alikuwa ameshakwenda nyumbani kwa meneja, alikoalikwa mpaka baada ya chakula cha mchana, onyesho akamwachia yeye. Kijana aliona aibu kututazama. Alisema amejaribu kuwaeleza watu, wakamwambia anamtetea dada yake wa ziwani. Kisha akatoa utepe wa picha, akaushika kwenye mwanga wa mlango wa hema. Nikaona Beldina wadogowadogo wamepangana, kila mmoja ameinama juu ya chungu. Halafu mstari mwembamba, kama kovu. Chini ya mstari, Momanyi wadogowadogo.

"Hapa ndipo alipokata," Phelix akasema. "Anakwangua kwa wembe, anapaka gundi, anabana. Huyu hakuwa karibu na huyu. Ni gundi ndiyo imewakutanisha."

Beldina akapitisha ukucha juu ya lile kovu, taratibu. "Waonyeshe watu hii."

"Watasema nimekata mimi usiku kukuokoa."

Alisema kweli. Beldina akakaa chini juu ya sanduku. Pembeni kulikuwa na mkebe wa vipande ambavyo Bwana Sinema hakuvitumia, na Phelix, kwa kutaka tu kusema kitu, akaanza kutueleza: huyu ni nyapara anapiga chafya, hawa ni ng'ombe, huyu ni Mama Momanyi siku aliyopewa sukari kwa ajili ya mtoto kupigwa picha. Beldina akanyoosha mkono. Akakishika kile kipande kwenye mwanga. Elmina, mdogo kama punje, kichwa nyuma, meno yote nje, amepakata mfuko wa sukari.

"Anacheka," Beldina akasema.

"Anacheka sana."

"Kiunge hiki baada ya kaburi."

Nilielewa kabla Phelix hajaelewa. Nikamwambia, "Beldina, huyo ni mama aliyefiwa."

"Najua ni nani!" Alinigeukia na sauti yake ikapasuka. "Wataona mama anacheka juu ya kaburi ya mtoto wake. Watajua haiwezekani. Watasema, aa, kumbe hii kitu inaungwa! Jerusa, kesho watanikata. Nipe njia nyingine. Wewe nipe!"

Phelix akatutazama sisi wawili, akachukua wembe.

Mchana stoo ilijaa kupita Jumamosi. Watu wa kiwandani walikuja na joto la hasira za wenzao. Elmina alikuja pia. Angekosaje? Mwanawe alikuwa mle. Alikaa mbele palepale, Nyamwange kando yake. Beldina alisimama nyuma karibu na mashine, Joab amemkinga kwa mwili wake.

Safari hii Phelix hakusoma maneno yoyote. Ilisikika krrr ya mashine tu. Chungu. Mtoto anakula. Mtoto amelala. Kaburi.

Na baada ya kaburi, Elmina: kichwa nyuma, meno yote nje, mfuko wa sukari kifuani, anacheka kwa mwili mzima.

Nilingoja mtu aseme haiwezekani. Nilingoja hata mmoja tu acheke. Shuka ikawa nyeupe, na gizani nikamsikia Nyamwange akiuliza, polepole mno:

"Sukari? Mtoto amekufa, wewe umepewa sukari?"

"Baba Momanyi, hiyo ni siku—"

"Ulimuuza?"

Basi! Stoo nzima ikalipuka. Amemuuza! Wamekula njama wawili, mmoja ametia, mwingine amelipwa! Nyamwange, ambaye aliinywa sukari ile mwenyewe kwenye chai yake akasifu ni tamu, alimshika mkewe shingo ya gauni akamwinua. Watu walikuwa wamesimama juu ya masanduku. Nikamtazama Beldina. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, mdomo wazi. Kisha akaanza kuwasukuma watu aende mbele, akipiga kelele, "Ni mimi! Mimi nimesema iungwe! Hakucheka! Mwacheni, hakucheka!" Nani angemsikiliza? Sauti yake ilikuwa sauti ya mchawi tu anayemtetea mwenzake.

Aliyesikika alikuwa Elmina, na hakupiga kelele. Nyamwange alikuwa bado amemshika gauni, naye hakumtazama mumewe. Alikuwa anatazama shuka ile tupu.

"Rudisha," alimwambia Phelix.

"Mama—"

"Nimesema rudisha. Nimeona kitu."

Sijui kwa nini watu walinyamaza. Labda kwa sababu hakuwa analia. Phelix akazungusha gurudumu nyuma, akawasha tena. Elmina akajinasua mikononi mwa mumewe, akasogea hadi ukutani, akasimama ubavuni mwa shuka. Kaburi likapita. Akaja yeye mwenyewe, mkubwa, anacheka. Elmina halisi akanyoosha kidole chini, pembeni kabisa, mahali ambapo sisi sote hatukutazama kwa sababu tulikuwa tunatazama meno.

Kulikuwa na mkono. Mkono mdogo tu, mwili wake umeachwa nje ya picha. Ulikuwa umeshika gauni la Elmina na unalivuta, mara moja, mara mbili, jinsi mtoto anavyovuta anapotaka kupewa. Kidole cha katikati kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Baba Momanyi," akasema Elmina, "hicho kidole nani alifunga?"

Sote tulijua. Mtoto alijikata kwa kisu cha baba yake cha kupogolea, na baba akachana shati lake mwenyewe akamfunga.

"Nauliza, nani alifunga?"

"Mimi," akasema Nyamwange.

"Alikuwa anataka sukari. Alikuwa anasema, mama, nilambe kidogo. Ndiyo maana nilicheka." Akawageukia watu. "Mmeona kaburi, halafu mmeona mkono. Sasa mniambie nyinyi wenye macho. Mtoto ametoka kaburini kuomba sukari?"

Mtu mmoja akashuka kutoka juu ya sanduku, taratibu.

"Hii kitu inaweka nyuma mbele," akasema Elmina. "Kama imenidanganya mimi kuhusu mimi, basi imenidanganya kuhusu chungu. Beldina hakuua mtoto wangu. Ni homa. Ni homa tu." Hapo ndipo sauti ilipomkatikia, kwa sababu homa haina uso wa kuuchukia. Nyamwange aliketi juu ya sanduku akaufunika uso wake kwa kofia. Watu wakaanza kutoka wawili wawili, bila kutazamana, na Nyambeki akapita mbele yangu akijifanya anatafuta leso yake chini.

Tulibaki wachache. Beldina alikuwa amepiga magoti katikati ya stoo. Elmina akamjia, akasimama juu yake. Nilidhani atamwinua.

"Ulijua huo mkono uko pale?"

Beldina angeweza kusema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo, nawaambia kweli.

"Sikujua, Mama Momanyi."

"Ulijua watanifanya nini?"

"Nilidhani wataelewa. Lakini... niliogopa kufa. Sikufikiria wewe."

Elmina akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Hakukuwa na hasira usoni pake, na hilo ndilo lililonitisha. "Hata mimi Jumamosi sikufikiria wewe," akasema. Akampita, akaenda kukaa mbele, mahali pake, akapanga gauni la kanisani juu ya magoti.

"Phelix, rudisha tena," akasema. "Lakini anzia baada ya kaburi."

Phelix akalitazama jua kwenye upenyo wa gunia, kwa sababu Bwana Sinema alikuwa karibu kurudi. Halafu akaanza kuzungusha.